Mpima Mihogo

Kabla ya kupima, mpima mihogo hufuta kioo cha kifaa chake cha kupimia unga kwa pindo la blauzi, hata kama hakina vumbi. Kisha hukata muhogo, hukiinamia kifaa ili jua lisiingie, na hubana pumzi mpaka mwanga wa kifaa umalize kuuchungulia muhogo. Vidole vyake hunata utomvu siku nzima. Siku ile, shambani kwa mjane mmoja, kwa kila shina kifaa kilionyesha maji tupu, na kiwanda kinachonunua mihogo kilitaka yenye unga.

"Mwanangu, si uandike tu kwamba ni mzuri?" mjane akamsihi.

"Mama, nikiandika uongo, watakurudishia mzigo wote mlangoni."

Alisema kwa upole, lakini hakufunga mkoba wake aende zake. Alishika jembe mwenyewe, akachimba na kupima mstari kwa mstari, jasho likimwingia machoni. Shina la thelathini na moja, huko pembezoni, likamfanya acheke peke yake.

"Huu una unga, mama! Uliupata wapi?"

"Huo? Ulijiotea tu. Nilitaka kuung'oa."

Mpimaji akavua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kwenye lile shina kuwa alama.

"Asiliguse mtu," akasema. "Mbegu yako ya mwakani ndiyo hii."