Kamba ya Kiondo Nyuma ya Injini

Gari la baba lilikuwa linakojoa. Sisemi hivyo kwa kukosa adabu. Ndivyo kijiji kizima kilivyosema, hata mke wa mchungaji, ila yeye alisema "linajisaidia." Popote lilipolala liliacha doa jeusi la mafuta, kubwa kama sufuria ya ugali. Wazee wa kanisa walimwomba baba aliegeshe nje ya ua, mbali na saruji mpya waliyoichangia. Kwa hiyo kila Jumapili sisi wenye gari tulitembea zaidi ya wale waliokuja kwa miguu.

Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, la mviringo kama kobe, ambalo mmishonari mmoja alimwachia baba alipochoka na joto letu akarudi kwao. Lilipoundwa, baba alikuwa bado anachunga mbuzi matako wazi. Ugonjwa wake ulijulikana: sili ya nyuma. Mwisho kabisa wa injini, pale shingo ya krenki, chuma kile kirefu kinachozungushwa na injini, inapotokea kwenda kuzungusha klachi, magari ya siku hizi yana mpira wa kuzuia mafuta. La kwetu lilikuwa na kamba. Kamba kabisa, nene kama kidole cha mtoto, imelazwa kwenye mfereji kuizunguka ile shingo. Ikichakaa, mafuta hupita. Mengine huanguka chini na kuchora doa, mengine huruka kwenye klachi, na klachi ikilowa mafuta haishiki. Tambarare utaenda. Mlimani injini inanguruma na gari limesimama palepale, kama mwalimu wetu wa hesabu.

Tuliishi na jambo hilo kwa kicheko mpaka susu alipolazwa hospitali ya Kitui.

Susu ni nyanya, mama yake baba. Mimi ndiye niliyerithi jina lake, na kwetu ukipewa jina la mtu, umekuwa yeye. Baba hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mwaitu, yaani mama yangu, hata akiwa ameshika fimbo. "Mwaitu, inama nikuchape." Susu naye aliniita "mimi mdogo," na alipotaka kunitukana alikumbuka anajitukana, akaacha.

Mwaka ule mvua ilikataa, ikakataa tena. Tulikula mahindi ya njano ya msaada, yanayonuka gunia. Mbuzi waliegemeana wasianguke. Tumbo la susu lilivimba upande mmoja, nasi tukadhani ni njaa, kwa sababu kila kitu kilikuwa njaa. Hospitalini walimpasua, wakatazama, wakashona. Daktari akamwambia baba ampeleke mama yake nyumbani. Hakusema kwamba amepona.

Sasa, umau, yaani babu, alikuwa amekufia hospitali hiyohiyo nikiwa mdogo, akaletwa nyumbani juu ya lori, katikati ya magunia ya saruji, sanduku limefungwa kwa vipande vya tairi. Susu hakusahau. Siku tuliyoambiwa tumchukue, alimshika baba mkono.

"Mimi si chupa ya soda," alisema. "Chupa ndiyo hurudishwa ikiwa tupu. Mimi narudi mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mwaitu."

"Nikifia hapa, nizike hapahapa nyuma ya jiko lao. Usinirudishe."

Mimi nilicheka. Baba hakucheka, maana alimjua mama yake kuliko mimi.

Tulimbeba mpaka stendi. Makondakta wa basi walimtazama mara moja wakasema basi limejaa, na viti vitupu tuliviona kwa macho yetu. Mtu akifia ndani, basi linalala kwa polisi. Tukamrudisha wodini. Kesho yake baba alitoka nyumbani na gari lake kwenda kumchukua. Alifika mlima wa kwanza tu baada ya Migwani. Saa saba mchana alikuwa amerudi peke yake, na nguo zake zilinuka klachi iliyoungua.

Akamwita fundi wa sokoni, mtu mfupi mwenye maneno marefu. Walilaza gari kando ya ghala letu, ambalo mwaka huo lilikuwa na kazi moja tu, kutoa kivuli. Fundi alishusha sampu, ile karai ya mafuta chini ya injini, kisha akafungua kifuniko cha shingo ya krenki. Akatoka na kitu kidogo cheusi kama mkia wa panya.

"Mzee, kamba yako hii ilikufa kabla ya Uhuru."

"Ingine inapatikana wapi?"

"Nairobi. Na huko watakucheka. Watakuambia upeleke gari makumbusho."

"Itachukua wiki?"

"Ukipata bahati, wiki mbili."

Baba akakaa kwenye jiwe. Hakuna aliyesema kwamba susu hana wiki mbili. Fundi mwenyewe alinyamaza, na huyo hunyamaza akiwa amelala tu.

Mimi kimya cha watu wazima huniwasha kama upupu. Nikasema, "Si muweke kamba ya kiondo? Nyumba imejaa."

"Mwaitu, nenda ndani," baba alisema.

Lakini fundi hakucheka. Alijifuta mikono kwenye suruali akanitazama. "Kamba gani hiyo? Katani?"

"Si katani. Ya magome."

"Lete nione."

Kiondo kilikuwa kinaning'inia ukutani kwa susu, kimefika nusu, nyuzi zake zimemwagika kama nywele za mtu aliyeamshwa. Kilikuwa changu, cha kubebea vitabu. Susu hakutaka nyuzi za dukani. Alichuna magome porini, akayatafuna mpaka yakawa laini, kisha akasokota uzi kwenye paja lake, ambalo kazi hiyo ilikuwa imeling'arisha kama meza ya kanisa. Aliwahi kuniambia: "Nikifa sijakimaliza, usimpe mtu akimalizie. Wanawake wa siku hizi wanafuma kama wanafunga kuni."

Fundi aliuvuta uzi, akaunusa, akauuma. "Itatufikisha Kitui," alisema. "Kurudi, tuombe Mungu."

Nilikifumua mwenyewe. Kiondo hufumwa kwa kuzunguka, kwa hiyo kukifumua pia ni kuzunguka, na kila mzunguko ulikuwa siku ya susu mlangoni, miguu imenyooshwa, akisema vibaya juu ya majirani. Nilisuka nyuzi nyingi pamoja, nikizikaza, mpaka zikawa kamba ya unene ule ule wa iliyokufa. Kwa kusuka nywele mimi ni hodari, na shuleni wananijua kwa hilo na kwa kelele.

"Una penseli?" fundi aliuliza.

"Za kuchora ramani."

"Lete zote."

Alizipasua, akasaga ule weusi wa ndani kuwa unga, akauchanganya na mafuta ya mkia wa kondoo yaliyobaki katika kibuyu, na kamba ikalala humo. Muhula uliofuata mwalimu wa jiografia aliniuliza penseli zangu ziko wapi. Nilimwambia ziko kwenye injini. Akanichapa kwa kusema uongo.

Nusu ya kamba ilikaa kwenye kifuniko, fundi akiigonga polepole na mpini wa jembe ili ijae mfereji. Nusu ya juu ndiyo ilitupa taabu, kwa sababu hukuweza kuiona. Alifunga waya kwenye ncha, akaipitisha juu ya shingo ya krenki, akavuta kutoka upande wa pili, na baba mbele akizungusha injini kwa mkono, kidogo kidogo.

"Taratibu, mzee! Unatoa utumbo wa kuku, huchoti maji!"

Ncha alizikata kwa wembe, akaziacha zimechomoza kidogo sana, ili zikikutana zibanane. Klachi waliiosha kwa petroli. Hapo nilimwona baba akishika kile kifuniko kabla hakijafungwa, akipitisha kidole juu ya kamba ya mama yake. Kisha akasema, "Funga."

Tulipofika Kitui asubuhi iliyofuata, baba alizima gari kwenye ua wa hospitali, akasubiri, akapiga magoti kutazama chini yake.

"Mwaitu, kuja uone."

Udongo ulikuwa mkavu. Hakuna hata tone. Sijawahi kumwona baba akipiga magoti kwa furaha, hata kanisani.

Susu tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu. Alikuwa mwepesi kama debe lisilo na maji. Baada ya muda akafungua jicho moja.

"Kiondo changu umekiweka wapi?"

Ningeweza kudanganya. Ni kazi ninayoiweza. Lakini kichwa chake kilikuwa hapo hapo, kinanitazama kutoka chini.

"Kiko kwenye injini, susu. Tulikifumua. Ndicho kinachozuia mafuta."

Akafungua na jicho la pili. "Ile kamba niliyoitafuna?"

"Hiyo hiyo."

"Basi gari hili limekula mate yangu. Nimelibariki. Liambie lisinililie njiani." Akacheka, na kicheko kikamuuma, akashika tumbo. Mbele, mabega ya baba yalitikisika. Sikujua kama anacheka naye.

Lilianza kulia kwenye mlima. Harufu ilitangulia, na ilikuwa harufu ya nyama ya kondoo. Mwaka wa njaa, na injini yetu inachoma kondoo! Tumbo langu likanguruma.

"Nani anakula?" susu aliuliza.

"Gari."

"Lina bahati."

Kisha injini ikapaza sauti na mawe ya kando ya barabara yakaacha kurudi nyuma. Baba akafunga breki, akashuka, akatazama chini. Tone lilikuwa limerudi. Aliniambia niweke kichwa cha susu taratibu nishuke. Chini ya kasha la klachi kuna tundu dogo. Unakanyaga klachi, injini inazunguka, na mtu mwingine anarusha humo vumbi laini ili linywe mafuta. Fundi alikuwa amemfundisha baba hivyo, kama mtu anavyofundishwa sala ya mwisho. Ukame ule ulitunyima kila kitu isipokuwa vumbi. Nilirusha konzi kwa konzi, jingine likanirudia machoni, na baba akiita, "Tena, mwaitu! Tena!" na susu ndani, kwa sauti ndogo, akiitikia, "Naam?" kila alipomsikia mwanawe akiita mama.

Gari likashika, likapanda, likasimama. Tukarusha. Likapanda tena. Kila tuliposimama nilimtazama susu kwanza, kisha tundu. Midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya jivu.

Klachi ilikufa kabisa langoni kwetu, ambapo njia inainuka kuingia uani. Moshi ukatoka, na sasa hata vumbi halingeiokoa. Baba alifungua mlango akainama kumbeba.

"Toa mikono," susu alisema.

"Mwaitu, huwezi."

"Nikibebwa nimerudishwa. Toa mikono."

Alishuka. Sijui alishuka na nini, maana miguu ilikuwa mifupa miwili. Alinishika mimi shingo, mkono mwingine akaukandamiza kwenye mshono wa tumbo, na tukapanda. Alipumzika tulipopita lango. Alipumzika kwenye zizi, ambapo mbuzi wawili waliobaki walimtazama wasiinuke, na akawahesabu, akaona, asiulize. Baba alitembea nyuma yetu mikono mbele, kama mtu anayefukuza kuku, bila kumgusa. Mlangoni kwake susu akakaa mahali pake, akanyoosha miguu.

"Nimerudi," alisema. Hakuwa anatuambia sisi.

Aliomba kitako cha kiondo, kile kiduara nilichokibakiza. Alikishika mpaka alipolala. Hakukifuma. Jumapili hakuiona.

Gari lilikuwa bado limeziba lango siku ya mazishi. Watu walilizunguka kwa upande, na doa lake likiwa chini, jeusi, kubwa kuliko yote liliyowahi kuacha. Wengi walianza kulifanyia mzaha, kisha wakakumbuka wako wapi.

Mchungaji alisimama juu ya kaburi, akainua mkono. "Ee Bwana, leo tunamrudisha mama yetu kwako."

"Hakurudishwa," nilisema.

Nilikusudia kusema moyoni. Ilitoka yote, na sauti yangu mnaijua. Shangazi mmoja alinifinya mkono mpaka leo pana alama. Mchungaji akakohoa. Kila mtu alimtazama baba, ambaye huchapa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Maombi hayakuwa yamefika hata nusu.

"Amina," alisema, peke yake.