Kila Mwanachama na Slaidi Yake

Shule niliiacha katikati ya kidato cha pili, siku ya Jumanne, baada ya uji. Watu huniuliza kwa nini Jumanne. Sijui, labda Jumatatu bado nilikuwa na matumaini. Lakini kwetu Usinge, ukishagusa kidato cha pili hata kwa kidole, wewe ndiye msomi, na kikundi chetu cha nyuki chenye watu ishirini na wawili kikanifanya katibu. Herufi zangu zinasimama wima kama askari, na neno nisilolijua naliandika haraka haraka ili lisisomeke.

Barua ilipokuja niliisoma mbele ya wote. Wataalamu wa misitu wangesikiliza vikundi vinavyoomba kutundika mizinga ndani ya hifadhi. Kila kikundi kije Kaliua na wasilisho la slaidi, dakika kumi.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Tumbaku ilikuwa imetuzunguka pande zote, na kila wakipuliza dawa, kesho yake asubuhi unakuta nyuki wamelala chini ya mzinga kama mchele uliomwagika. Mimi nilikuwa na mizinga tisa, na sita ilikuwa kimya. Tusipopewa sehemu kule msituni, ng'ambo ya mto, msimu unaofuata tungekuwa kikundi cha nyuki kisicho na nyuki.

"Slaidi ndiyo nini?" mwenyekiti wetu akauliza. Ni mama mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya reli.

"Kitu kidogo tu, mama."

"Unaijua?"

"Naijua sana."

Slaidi nilikuwa naijua kama ninavyoijua ndege: naiona inapita.

Wiki hiyo hiyo nikapanda treni kwenda Tabora na dumu la asali, nikafikia kwa shangazi yangu Kwihara. Kila asubuhi nilitembea kwenda mjini kwa njia ile ile waliyopita wapagazi. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Mimi mjukuu wao nilibeba flashi mfukoni, na bado nilifika natweta.

Steshenari niliyoelekezwa iko karibu na soko. Mwenyewe ni mama wa Kiarabu, wa pale pale Tabora babu na babu, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoa kopi?"

"Nataka kujifunza slaidi."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Hujachelewa," akasema, lakini alinitazama kama anatazama shati lililopauka. "Na hilo dumu?"

"Asali. Ndiyo ada yangu."

Akafungua kifuniko, akachovya kidole, akafumba macho. Alipoyafumbua alivuta kiti. "Kaa hapo."

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye mausi.

"Mbona unaikaba hivyo kama kuku wa Idi?" akaniambia. "Ilegeze. Haikimbii."

"Inakimbia, mama. Ona, mshale umepotea."

"Uko pale kwenye kona. Umekuogopa."

Nikausogeza mshale kwa adabu, taratibu, kwenda kulia, kulia, kulia, mpaka mkono ukafika ukingoni.

"Mama, meza imeisha."

"Nini?"

"Meza imeisha na mshale haujafika. Tuisogeze?"

Alivua miwani ya puani akavaa ya kichwani, nadhani ili anione vizuri zaidi. "Inyanyue mausi, uirudishe katikati, uendelee."

"Na mshale hautajua kama nimerudi?"

"Hautajua, mwanangu. Wala sisi hatutauambia."

Siku ya pili nikaharibu duka. Asubuhi nilikuwa nimemmiminia asali kidogo kwenye kikombe, nikajifuta vidole kwenye suruali, nikaona vimetakata, nikakaa kuandika. Baada ya adhuhuri tukaona msafara. Sisimizi walitoka dirishani, wakashuka ukutani, wakapanda meza, wakaingia chini ya herufi M mmoja mmoja bila kusukumana. Herufi M nilikuwa nimeitumia sana, kwa sababu ya mizinga.

"Wewe umekuja kujifunza au kufuga?" mama akauliza.

Nikapewa brashi ya kupakia rangi nikaswaga sisimizi mpaka jioni. Wateja walioingia kutoa kopi walidhani mimi ndiye fundi. Mmoja akaniachia simu yake nimtazamie chaji.

Siku ya tatu nikagundua kwamba maneno yanaweza kucheza. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Ukibofya pale juu, neno linadondoka kama embe. Ukibofya hapa, linaingia likizunguka. Lipo linalokuja herufi moja moja na mlio wa tap, tap, tap. Picha inaweza kupinduka sarakasi kisha ikapigiwa makofi na kompyuta yenyewe! Nilikaa saa nne nikilizungusha neno "NYUKI" huku nacheka peke yangu.

Mama akaja nyuma yangu na chai. "Hayo maneno yamelewa?"

"Yanapendeza, mama."

"Sikia. Watu hawasomi, watu wanatazama. Weka picha, sema neno lako, kaa chini. Slaidi sita. Ukizidisha hapo wanaanza kutazama saa."

Nikatii. Tukatengeneza sita, nzuri, zimetulia: sisi ni nani, nyuki wanakufaje, ramani ya ng'ambo ya mto, mizinga mingapi, tutautunzaje msitu, ahsante. Akaniazima na kompyuta ya mapajani ya zamani, betri imekufa, ukichomoa waya tu inazimika. Nikaipakata kwenye treni kama mtoto mwenye homa, nikarudi Usinge nikijiona profesa.

Kikundi kilikusanyika kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, kanisani. Nikaonyesha slaidi zote sita. Hakuna aliyepiga makofi.

"Nzuri," akasema mwenyekiti. "Mimi niko wapi?"

"Wapi kivipi, mama?"

"Humo ndani. Nimejitazama sijajiona."

"Hata mimi simo," akasema mwingine. "Naona ramani tu."

"Ramani imechangia nini kwenye hiki kikundi?" akadakia mama mmoja wa nyuma. "Haijawahi kuja hata mkutano mmoja!"

Sasa lazima nieleze desturi yetu. Tukirina, asali yote inamiminwa kwenye pipa moja, kisha inagawiwa kwa kata moja, kila mtu kata yake, raundi kwa raundi. Mwenyekiti hapati kata mbili. Ndivyo tunavyofanya kila kitu. Tukipewa soda moja, tunaitafutia vikombe ishirini na viwili. Kwa hiyo walichosema kilikuwa haki tupu: kama kikundi kina slaidi, kila mwanachama apate slaidi yake. Mimi msomi nikajaribu kusema dakika ni kumi.

"Kwani sisi tutaongea?" mwenyekiti akauliza. "Tutaonekana tu. Kuonekana kunachukua muda gani?"

Hesabu hiyo sikuifikia. Kidato cha tatu huenda wanafundisha.

Nikazunguka na simu siku mbili nikiwapiga picha. Tulikubaliana kila mtu asimame na mzinga wake. Mmoja akaja na baiskeli, akasema ndiyo inayobeba asali. Mama mmoja alivaa gauni la harusi ya mwanawe na hakutaka kuusogelea mzinga, kwa hiyo mzinga unaonekana kwa mbali sana kama kovu kwenye mti. Mwenyekiti nilimpiga mara kumi na moja.

Mwisho nikafika kwa mzee wetu, mrina mkubwa kuliko wote, mtu wa maneno machache na matani makali. Ni Msukuma, na sisi Wanyamwezi ni watani zake, kwa hiyo hanisalimii bila kunitukana kwanza. Siku hiyo hakunitukana.

"Mimi sina mzinga wenye nyuki," akasema. "Nipige na hawa."

Akanyoosha kofia yake ya ukindu. Ilikuwa imejaa nyuki waliokufa.

Nikampiga. Lakini nilipokaa kupanga slaidi, ile picha ikanisumbua. Wenzake wote wanacheka, meno nje, halafu yeye na kofia ile. Nikaona itatutia mkosi, watu wa misitu watasema hawa hata nyuki hawawajui. Kuitoa siwezi, ni kata yake. Kuipeleka mwisho siwezi, tulipanga kwa umri na yeye ndiye mkubwa. Basi nikaja na akili zangu: nikaiwekea mzunguko, ule wa kasi, ili mzee aingie akizunguka, apite, asionekane vizuri. Zile slaidi sita za mama wa Tabora nikazisukuma nyuma kabisa, baada ya watu wote.

Tukaenda Kaliua kikundi kizima. Kikundi kilichotutangulia kilitumia dakika nane, slaidi tano, kikakaa. Nikawaonea huruma, maneno yao yalikuwa yamesimama tu.

Mkuu wa wale wataalamu alikuwa mama wa makamo, mbele yake simu ya kuhesabia muda. "Karibuni. Dakika kumi."

Slaidi ya kwanza ilikuwa salamu. Nilikuwa nimemtaja kila mheshimiwa kwa cheo, na nilitumia ule mtindo wa herufi moja moja. W, tap. A, tap. H, tap. Ukumbi ukatulia. Kufika "WAHESHIMI" watu wa nyuma wakaanza kuzisoma kwa sauti kama chekechea. Nikabofya iende haraka, haikwenda. Salamu peke yake ilikula dakika tatu na nusu.

Slaidi ya pili, mzee. Akaingia akizunguka. Nikangoja apite. Hakupita. Akaendelea kuzunguka, kichwa chini, miguu juu, kofia kushoto, kofia kulia, na kila akimaliza mzunguko mmoja kompyuta inampigia makofi.

"Mtulize huyo mzee," mwenyekiti akaninong'oneza.

"Hatulii, mama."

"Umemfanya nini?"

"Nimemwekea mwendo."

Ukumbi ulikuwa unakufa kwa vicheko. Jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Nikabonyeza vitufe vyote nilivyofundishwa na vingine ambavyo sikufundishwa, na ghafla picha ikaganda. Mzee amelala upande, na kofia imeinama kuelekea kwetu kama anataka kutumwagia.

"Hapo hapo," akasema mama mkuu. Alikuwa hacheki. "Kwenye kofia kuna nini?"

Mzee mwenyewe akasimama kule nyuma.

"Ni nyuki wangu," akasema. "Wa mizinga minane. Nilianza kuwaokota asubuhi. Kofia ikajaa, nikaacha."

Vicheko vikakatika.

"Ilikuwaje?"

"Walipuliza dawa shamba la jirani. Jirani si mtu mbaya. Na yeye ana tumbaku yake."

Yule mama akauliza wengine wamepoteza mizinga mingapi, na wakaanza kusimama mmoja mmoja kwenye viti vyao: minne, sita, mitatu, yote. Mimi nikasema sita. Nikasema pia tunataka ng'ambo ya mto, mbali na mashamba, na hayo ndiyo maneno pekee niliyoyasema siku hiyo yenye maana.

"Mizinga yenu ni ya magome?" akauliza. Swali la mtego. Mzinga wa gome unachuna mti, na mti unakufa, na watu wa misitu hawataki kuusikia.

"Ya mbao, mama," mwenyekiti akajibu chapu. "Ya magome tumeacha."

"Mmeacha lini?"

Mwenyekiti akatutazama, akahesabu kichwani. "Leo."

Hapo hata mama mkuu akacheka. Simu yake ikalia, dakika kumi zimeisha. Slaidi ishirini na saba zikabaki tumboni mwa kompyuta.

Njia nzima kurudi nilikuwa mshtakiwa. "Umemwonyesha mmoja tu! Tena kichwa chini!" Yule mama wa gauni alinigeuzia mgongo kuanzia Kaliua mpaka tunashuka. Jioni ile ile ikabidi nichomeke kompyuta pale kanisani na kuwapitisha wote waliobaki, kila mmoja na makofi yake, ndipo nikapewa chakula.

Wataalamu walikuja kukagua, wakapekua mizinga, wakaokota nyuki wakaweka kwenye bahasha. Baadaye barua ikaja: tumepewa ng'ambo ya mto kwa msimu mmoja wa majaribio, mizinga ya mbao tu, na gome moja likichunwa tunatoka wote. Niliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walipiga kelele kabla sijafika kwenye masharti.

Tukavusha mizinga kwa baiskeli. Ya mzee ilitundikwa ya kwanza, mitupu, imepakwa nta ndani ya kuwavuta nyuki wapya. Wiki zikapita. Kila nikikutana naye sikuthubutu kuuliza, na yeye hakunitukana, nikajua bado.

Siku moja akaja mpaka mlangoni kwangu. "Wewe mpagazi usiye na mzigo, toka. Twende."

Tukavuka mto, tukaingia msituni, akaniwekea ngazi kwenye mti.

"Panda usikilize. Mimi masikio yangu yamezeeka, nisije nikajidanganya."

Nikapanda, nikabandika sikio kwenye ubao. Ndani kulikuwa na mvumo mzito, kama watu wanaosali chumba cha pili.

"Wamo?" akauliza kutoka chini. Aliishika ngazi kwa mikono miwili.

Nilitaka kumjibu vizuri, kwa heshima, kama katibu. Lakini mmoja wao alishatoka kutazama ni nani anayewasikiliza, akanichoma kwenye ndewe ya sikio, na jibu nililolitoa lilisikika mpaka upande wa pili wa mto.

"Eeh," mzee akasema, akacheka mpaka akakaa chini. "Wamo."