Jukwaa la Akina Mama Nyumbani kwa Mzee Sefu

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilisimama na msumeno mkononi nisijue nimtii nani. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, dhahabu ya Geita imeanza kuwavuta watu, nami nilikuwa fundi seremala kijana hapa Shinyanga mjini. Nilikuwa nimeoa juzi tu, na nina haraka ya kujulikana.

Mzee Sefu, mfanyabiashara wa pamba, alikuwa ameleta mashine ya sinema, ile ya kuzungusha kwa mkono. Baba yake alikuwa mtu wa pwani. Mama yake, Bibi Nyamizi, Msukuma wa Kishapu. Chumba chake kikubwa akakifanya cha sinema: shuka jeupe ukutani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, wanaume mbele kwenye viti, wanawake nyuma mkekani. Basi wale wa nyuma wakawa wanasikia vicheko tu, wanachoona ni visogo. Bibi Nyamizi akalalamika, na mwanawe akaniita nijenge jukwaa la mbao huko nyuma.

Nililijenga kwa moyo wote. Mninga mkavu, safu mbili za kukalia, ya nyuma juu kuliko ya mbele, miguu minene, na mbao za mshazari chini ili lisiyumbe. Nilikuwa nakaa juu yake, natazama shuka, nashuka, naongeza kimo kidogo, mpaka nikaliona shuka lote juu ya vichwa vya mbele.

Mchana wa kuonyesha picha, wageni wakaja, wengine wanunuzi wa dhahabu kutoka Geita. Akina mama wakapanda. Hapo Mzee Mabula, mwenye ng'ombe wengi na mtu wa kusikilizwa, akageuka, akatazama juu, akasimama.

"Sefu, ndiyo heshima hii? Wanawake watukalie vichwani?"

Wengine wakamuunga mkono. Baadhi wakachukua kofia zao, wakatoka. Mzee Sefu akaona aibu, akanivuta kando.

"Fundi, kata miguu sasa hivi. Ukikataa, katafute kazi mji mwingine."

Mji mwingine sikuwa nao, mwanangu. Nikachukua msumeno. Akina mama wakaanza kushuka. Bibi Nyamizi hakushuka.

"Shikamoo, Bibi. Naomba ushuke, nikate."

"Marahaba. Kata tu, mimi nipo." Akanikazia macho, akaniita mwanangu kwa Kisukuma. "Ng'wanawane, ulipokuwa ukipima, ulikaa hapa?"

"Nilikaa, Bibi."

"Uliona nini?"

"Shuka lote."

"Na ukikata, mimi nitaona nini?"

Nikaulaza msumeno sakafuni, nikamwendea Mzee Mabula.

"Baba, nitakata. Ila kwanza panda ukae, uniambie nikate kiasi gani."

Akapanda kwa ubishi tu. Bibi akamsogezea nafasi. Mzee Sefu akazungusha mashine, farasi wakaanza kukimbia ukutani, na Mzee Mabula akawatazama, halafu akainama hadi kimo cha mkeka, akaona migongo tu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe mke wangu siku zote hizi alikuwa anakuja kutazama migongo yetu?"

Akamwita mkewe, "Mama Shija, njoo ukae." Akina mama wengine wakapanda tena.

Jukwaa halikukatwa. Lakini usidhani wote walifurahi. Waliotoka na kofia zao hawakurudi, na Mzee Sefu alininunia hadi mavuno ya pamba. Nilivumilia.

Sasa wewe ni kijana, kesho utapewa madaraka. Ukiambiwa upunguze nafasi ya mtu, usianze na msumeno. Nenda kwanza ukakae pale anapokaa, utazame anachokiona. Na anayekuamuru usimtukane. Mwombe kwa heshima naye akakae. Mkishaona wote wawili, ndipo mwamue.

Mungu akuzeeshe, mwanangu. Mikono yako isikose kazi, na mlango wako usikose wageni.