Bomba Lililosema Asante Likabaki Kavu

Amefariki yule jamaa wa Kawangware 46, mtaani hapa Nairobi, mwandishi wa draiva, zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo wa kompyuta kuongea na kifaa. Nililia, kisha nikajikuta nacheka, maana huyo mtu alijua kubishana! Na ubishi wake mkuu ulikuwa huu: ndani kabisa ya mfumo, je, draiva iulize kila hatua kama kitu inachotaka kukitumia kipo au hakipo?

Nilimwona akiupigania ubishi huo huko Kibera, kwenye bomba la maji linalolipiwa kwa kadi. Mama muuza githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aligusisha kadi, skrini ikaandika "Asante", bomba likabaki kavu. Sufuria iko motoni, wateja wanakuja, maji hakuna. Mwanadada aliyeandika draiva ya bomba hilo pamoja na jamaa alikuwa ameweka swali hilo kila mahali: taarifa za vali, ile inayofungulia maji, zikikosekana, programu iache kazi na kurudi kimyakimya, kana kwamba mambo ni shwari.

"Toa hiyo cheki, hilo swali lako," jamaa akamwambia.

"Wee! Mashine ikizima, watu watakosa maji!"

"Kwani saa hii wanapata?"

Mama akaangua kicheko. Mwanadada alinuna, lakini akalifuta lile swali. Mashine ikazima papo hapo, ikaonyesha mstari wenye kosa: kadi zilianza kupokewa kabla vali haijaandaliwa. Wakabadilisha mpangilio, maji yakamwagika. Swali la kipimo cha tangi, ambacho vituo vingine vya maji havina, jamaa alisema libaki. "Hapo uliza, inaweza kukosa kweli. Lakini kama umeahidiwa iko na haiko, hayo ni makosa. Wacha ipige nduru." Mwanadada hajakubali mpaka leo, anasema mashine ya wagonjwa si bomba la mama wa githeri, ikizima mtu anakufa, na hapo nami namuunga mkono kidogo.

Ila sisi wa Nairobi tumezidi kurudi kimyakimya kama ile programu. Ofisini unaambiwa "tunashughulikia". Landilodi anaambiwa choo kimeziba, anajibu "sawa" na kukata simu. Nasi homa inatuchoma huku tunasema "niko poa".

Yeye alipougua, nilimpigia nikamuuliza niaje, yaani hali yake. "Vibaya sana," akajibu. "Figo zimekataa. Njooni, na mlete ndizi." Tukaenda sote, mwanadada pia, na wawili hao wakabishana kuhusu cheki mpaka muuguzi akatufukuza. Siku chache baadaye akatutoka, lakini tulikuwa tumeagana naye akitusikia. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiulizwa niaje leo na mambo ni mabaya, sema ni mabaya, ili anayekupenda apate nafasi ya kuja.