Siku Mama Alipomtazama Mkwe Wake

Mume wangu alipomaliza kifungo chake, nilimngojea mlangoni pa gereza na samaki wadogo, sambaza za kukaanga, kwenye mfuko. Hakunifikia. Watu wa uhamiaji walimpokea hapo hapo, wakampakia, wakaniambia ni Mrundi aliyefungwa kwa kumpiga mtu, kwa hiyo anarudishwa kwao. Kwao wapi? Watoto wake watatu walikuwa nyumbani kwetu Cimpunda wakimsubiri, na wa mwisho ndiyo kwanza anasimama dede.

Niliogopa, lakini mdomo wangu haujawahi kuogopa pamoja nami. Niliwafuata ofisini nikapiga kelele. Ndoa yetu ilikuwa ya mahari tu, hatukuwa na karatasi ya serikali. Mkubwa wao, mgeni kutoka Kinshasa, alisema kila siku wanawake wanamletea waume wa kuokota. Mwishowe akachoka kunisikia.

"Leta muzazi wako. Akisema uyu ni mukwe wake, nitamuacha na watoto yake. Akikataa, gari inaenda mupakani leo."

Nilikimbia kumwita mama. Njiani nilimwomba Mungu ampe maneno. Macho sikuyafikiria kabisa. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yetu, mama akija, mume wangu alitoka kwa mlango wa nyuma, na salamu zao nilizibeba mimi, huku na huku, hadi nachoka. Ndiyo heshima, na wote wawili walikuwa hodari kwayo.

Basi tulipofika ofisini na mama, mume wangu akaletwa, ameshika suruali kwa mkono kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Mama akavuta kitenge usoni, akageukia ukuta. Naye mume wangu, mjinga wangu yule, akainama akarudi nyuma ya mlango.

"Maman, muangalie," mkubwa akasema. "Munamujua ao hamumujue?"

Mama akazidi kujifunika kitenge. Mkubwa akacheka.

"Hata hawajuane! Pakieni uyu mutu."

Nilimweleza desturi yetu kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa machozi. Alinijibu kwamba desturi huzaliwa haraka sana gari likishawashwa. Na kweli, nje injini ilikuwa ikinguruma, na askari mmoja alikuwa ameshamshika mume wangu mkono.

Ndipo mama akashusha kitenge. Alimwendea, akamwinua kidevu. Mume wangu alifumba macho kwa nguvu. Hata pale alikuwa bado anamheshimu.

"Fungula macho," mama akasema. "Niangalie, mutoto wangu."

Akafungua. Walitazamana, wakalia wote wawili kama watu waliofiwa. Mkubwa hakucheka tena. Alimwambia askari azime gari.

Wakati wa kurudi mama alitutangulia mbali, bila kugeuka. Kwenye njia panda alishika njia ya kwake, hakuja hata kuwaona wajukuu. Mume wangu alisimama akimwangalia mpaka akapotea.

"Ameniona niko namna hii," alisema. "Afazali bangenivusha mupaka tu."

Nilimwambia afunge domo lake atembee. Nilikuwa nimeshika shati lake tangu ofisini, na vidole vyangu vilikataa kuachia.