Pikipiki Saba za Kumulika Gitare

Mwaka ule wa vita yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, mpiga gitare, alinipa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kupanga taa za konseri. Umeme ulikuwa umekatika Bunia tangu mapigano ya mwisho, na jenereta tuliyoazima iliweza kubeba magitare na vipaza sauti tu. Kwa hiyo taa tuliomba kwa wamotari, waendesha pikipiki za abiria, wa mtaa wa Mudzipela. Walikuja saba, wakapanga pikipiki zao katika uwanja wa shule, fare zote, taa zao za mbele, zikitazama jukwaa la mbao.

Tulipaswa kuanza giza likiingia na kumaliza kabla ya saa mbili, maana baada ya hapo askari hawakutaka kuona mtu barabarani. Muziki ulikuwa roki, ile ya kelele, ambayo mama yetu aliiita ugonjwa.

Fare za pikipiki zile zilifuata injini. Injini ikipumzika, mwanga ulikuwa wa rangi ya chai. Ukivuta gazi, injini ikanguruma, ulikuwa mweupe, lakini kelele ilimeza wimbo. Basi niliweka tatu mbali, karibu na lango, ndizo za kuvuta gazi. Nne za karibu zilipumzika, na tatu kati yake nilizifunga sashe, vifuko vya plastiki, nyekundu na za buluu kwenye fare. Ile ya nne, ya katikati, niliiacha wazi kwa ajili ya solo ya yaya. Kwa kuwa naona haya kupaza sauti, niliongoza kwa kitambaa cheupe: kikiwa juu, vuta gazi, kikiwa chini, tulia, nikikizungusha, zima zote isipokuwa ya katikati.

"Mukubwa wa taa iko bubu?" akauliza motari mmoja.

"Umuache," mwenzake akajibu. "Bubu hatukanake mutu."

Yaya hakucheka. Mama wa msichana aliyetaka kumwoa alikuwa anakuja siku hiyo. Wakati tulipokimbia kuelekea Komanda, watu walibeba magodoro na masufuria, yaya akabeba gitare. Mama yule alimwona njiani, na tangu hapo alisema hatamtoa mtoto wake kwa mtu ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi.

"Leo ataniona natumika," yaya akaniambia. "Kwa solo, taa kwangu. Ukikosea, nitazeekea nyumbani, na weye utanipikia."

Nyimbo tatu zilipita vizuri. Katika wa nne nikazungusha kitambaa. Taa zikazimika, ikabaki moja, na yaya akaonekana akiwa amefumba macho, kichwa nyuma, kama mtu anayeng'olewa jino. Papo hapo mama yule akaingia langoni, amechelewa, na dada zake wawili nyuma yake, wote katika kitenge cha namna moja.

Motari wa langoni alimtambua. "Wakwe wanafika!" akapiga kelele.

Wamotari wetu ndio wanaobeba watu wa arusi, na wakwe wakifika huwapokea kwa fare na honi mpaka wakae. Kuwaacha gizani ni kuwatukana. Kabla sijapumua, pikipiki zote saba ziliwaka na kumgeukia, hata ile ya katikati. Honi zikalia. Yaya akabaki gizani, vidole vyake vikikimbia bure.

"Taa!" akaita. "Weye, taa kwangu!"

Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu. Nikamtazama mama yule. Alikuwa amesimama, mkono juu ya macho. Miezi ile tulikuwa tumezoea kuzima hata taa ya mafuta mtu akikohoa nje, na yeye sasa alikuwa amemulikwa mwili mzima mbele ya watu. Kisha akashusha mkono, akakaza kitenge, akaanza kutembea polepole sana, utadhani benchi la wageni liko mbali kule ziwani.

Nikainua kitambaa juu: vuta gazi. Mwanga ukawa mweupe. Mama yule akatikisa mabega, wanawake wakapiga vigelegele, na solo ikaisha gizani bila mtu kuisikia.

Yaya hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu mama yule alimtuma mmoja wa dada zake kwetu. Yaya alijificha chumbani, mimi nikapokea ujumbe mlangoni: "Huyo kijana sikumuona. Lakini kama kwenu munapokeaka wakwe vile, mulete maneno yenu ya posa."

Mgeni alipoondoka, yaya akatoka.

"Alisema hakuniona?"

"Hata kidogo."

"Na solo?"

"Aliuliza ile honi nyembamba ilikuwa ya pikipiki gani."

Akarudi chumbani. Kisha akaleta shati lake jeupe na kuniomba nimpigie pasi, apate la kuvaa ukweni.