Kinyozi Aliyeacha Vichwa Nusu

Kinyozi wa mtaa alibugia maji kutwa nzima, na hakukuwa na kichwa alichokimaliza bila kukimbilia chooni. Wateja walishazoea. Akitoka tu nao huvuka barabara kunywa chai, kichwa nusu nywele nusu upara.

Mwishowe akaenda hospitali, wakamtundikia dripu ya maji ya chumvi nyingi, wapime kwenye damu kama mwili unatoa homoni ya kupunguza mkojo.

"Dada, kiu inaniua!"

"Vumilia kaka, ndicho kipimo chenyewe," nesi akacheka.

Homoni ikaonekana haba, akapewa vidonge.

Aliporudi kazini, mteja wa kwanza aliinuka katikati ya kunyolewa.

"Kaa chini, mzee. Siku hizi siendi popote."

Mzee akanuna. "Sasa chai yangu ninywe saa ngapi?"